Moramu ya Shambani Kwako: Piga Hesabu ya Kurudisha Shamba Kabla ya Kusaini

Wiki hii tuache nyanya na vitunguu kidogo.

Juzi kijana mmoja anayelima tikiti kwenye kata yangu alikuja ofisini na karatasi mkononi. Mkandarasi wa barabara anataka kuchimba moramu kwenye ekari yake moja, kina cha mita 3, na anampa shilingi 4,000,000 taslimu.

"Bwana shamba, hii ni hela ya pampu na mipira ya matone. Nisaini?"

Nilimwambia akae kwanza. Swali hilo nina deni nalo. Miaka ya nyuma mkulima mwingine aliniuliza hivyohivyo, nikamjibu kirahisi tu: hakikisha mkataba unasema watarudishia. Kweli mkataba ulisema, "eneo litarudishwa katika hali nzuri." Barabara ikaisha, mitambo ikaondoka, simu ikawa haipokelewi. Leo pale pana dimbwi la mbu, kingo zinamomonyoka kuelekea kwa jirani, na udongo wa juu ulibebwa pamoja na moramu. Ahadi ilikuwepo. Pesa ya kuibeba ahadi haikuwepo, na mimi sikumwambia aiulizie.

Safari hii tulichukua kalamu.

Kwanza, jua unauza nini

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukiweka pembeni sentimita 30 za udongo wa juu, moramu inabaki na kina cha mita 2.7, yaani mita za ujazo 10,800. Ikichimbwa huvimba, weka asilimia 25, inafika 13,500. Kwa tipa la mita 10 hizo ni trip 1,350. Gawanya milioni 4 kwa trip hizo: kila trip haifiki hata shilingi 3,000. Kijana alinyamaza.

Pili, kurudisha shamba ni shilingi ngapi?

Hapa wengi hukosea. Usipige hesabu kwa bei ya mkandarasi ambaye kijiko chake kiko tayari shambani. Piga kwa bei ya fundi mwingine utakayemwita wewe baada ya yule kutoweka. Bei zangu hapa ni za mfano, weka za kwenu.

- Udongo wa juu. Mita za ujazo 1,200 za kutandaza tena. Lazima ulundikwe peke yake tangu siku ya kwanza. Ukiuzwa, utanunua mwingine kwa trip.
- Kingo. Ukuta wima wa mita 3 utaanguka tu. Ulaze: kila mita 1 ya kina, mita 3 za mlalo. Ukikata juu na kujaza chini, kila mita ya ukingo inahitaji kusogeza kama mita za ujazo 3.4. Ekari ya mraba ina mzunguko wa kama mita 254, kwa hiyo ni kama mita za ujazo 860. Angalia vizuri: mkato huo unaingia mita 4.5 nje ya shimo. Shimo likianza mpakani, unakata shamba la jirani.
- Mtambo. Jumla ni kama mita za ujazo 2,060. Kwa mita 60 kwa saa ni saa 35. Ongeza saa 5 za kuvunja sakafu iliyoshindiliwa na matairi na kuchimba mtaro wa kutoa maji. Saa 40 kwa 150,000 ni 6,000,000.
- Kuleta na kurudisha mtambo: 2,000,000.
- Samadi tani 10: 500,000.
- Kulima na kupanda marejea ya kurutubisha: 300,000.
- Vetiva kwenye kingo, na vibarua: 200,000.

Jumla 9,000,000. Weka asilimia 15 ya dharura: 10,350,000. Unapewa milioni 4 kwa kazi ya kurudishia inayozidi milioni 10. Na hapo sijagusa misimu utakayokaa bila kuvuna. Hiyo ni fidia, idai peke yake.

Tena shamba litabaki chini kuliko lilivyokuwa. Kama maji hayana pa kutokea, usikubali kina hicho.

Tatu, dhamana

Migodi mikubwa hutakiwa kuweka dhamana ya kukarabati mazingira. Shimo dogo la moramu mara nyingi haliguswi na utaratibu huo, kwa hiyo dhamana yako utaidai mwenyewe kwenye mkataba. Mkandarasi akirudishia vizuri, anairudishiwa yote. Hapotezi kitu.

- Inayofaa ni pesa kwenye akaunti isiyotolewa bila saini zenu wote wawili, au dhamana ya benki ambayo muda wake unapita mwisho wa kazi kwa misimu miwili ya mvua. Hundi ya tarehe ya mbele siyo dhamana.
- Andika vipimo. "Hali nzuri" haipimiki. "Udongo wa juu sentimita 30, mteremko wa moja kwa tatu, maji hayatuami" inapimika.
- Achia kwa hatua: asilimia 60 baada ya kazi ya mtambo, 40 baada ya marejea kuota na kingo kupita mvua bila kumomonyoka.
- Piga picha na pima udongo kabla ya kijiko kuingia.

Moramu na kokoto ni madini ujenzi, kwa hiyo omba kuona leseni ya Tume ya Madini na mpango wa kulinda mazingira. Na ujue leseni pekee haimpi mtu haki ya kuingia kwenye shamba linalolimwa. Ridhaa yako ya maandishi inahitajika. Hapo ndipo penye nguvu yako. Ukishasaini, umeitumia.

Mkandarasi alisemaje?

Alikataa. Milioni 10 kukaa benki aliona ni nyingi. Tukampa njia nyingine: agawe ekari vipande vinne, afungue kimoja tu, akirudishie ndipo afungue kinachofuata. Kwa robo ekari saa za mtambo zinashuka hadi 15, lakini kuleta mtambo bei ni ileile, kwa hiyo dhamana ni 5,175,000, siyo robo ya ile. Hapo akakaa mezani. Bei ya trip nayo bado wanavutana.

Kijana hajasaini. Pampu bado hana, lakini ekari yake anayo, na tikiti za msimu huu zimeshaanza kutambaa.