Mshirazi Asiyetoka Shirazi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na neno lao ni la kweli. Lakini mwanadamu hana subira. Hata kilicho chema hukitafutia jina la kukipamba na nasaba ya mbali ya kukipandisha daraja. Leo, msomaji mpenzi, nataka tukitazame kitu kimoja kilichofanyiwa hivyo, nacho ni mvinyo mwekundu ambao nusu ya dunia huuita Shiraz.

Najua wapo watakaoguna. Mvinyo kwetu ni haramu, wala makala haya hayaji kumtia mtu tamaa. Lakini aya ya 219 ya Sura Al-Baqara, tuliyofundishwa chuoni tungali wadogo, haikuficha kwamba mna manufaa kwa watu. Ilichosema ni kwamba madhambi yake yameyazidi manufaa hayo. Basi kujua wenzetu wanasifu nini hakumtoi mtu katika dini yake. Mwandishi wa makala haya hajauonja. Anasimulia yanayosemwa na wanaoujua, na yaliyopimwa na wataalamu. Sababu ya kuyasimulia hapa pwani ni lile jina, kwa kuwa Shirazi ni jina ambalo sisi nasi tumelibeba kwa karne nyingi.

Twende kwanza mahali penyewe. Kusini-mashariki mwa Ufaransa upo mto Rhône, unaoshuka kutoka mji wa Lyon kwenda bahari ya Mediterania. Kati ya miji ya Vienne na Valence mto huo umebanwa na vilima, na juu ya vilima hivyo ndipo inapolimwa zabibu nyeusi iitwayo Syrah. Ni mahali pa baridi kwa zabibu ya namna hiyo. Mji wa Tain-l'Hermitage umekaa kiasi cha nyuzi 45 kaskazini, yaani karibu nusu ya njia kati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Kutoka kaskazini huvuma upepo mkavu wenye baridi uitwao Mistral, na wakulima hulazimika kuufunga kila mzabibu kwenye mti wa kuuegemeza, usije ukavunjwa.

Mashamba yenyewe hayatamaniki kwa mtu mvivu. Pale Ampuis, kwenye mteremko uitwao Côte-Rôtie, maana yake mteremko uliobanikwa na jua, ardhi imesimama kama paa la nyumba. Trekta haliwezi kupita. Kuta za mawe zimejengwa ngazi kwa ngazi kuuzuia udongo, na kazi nyingi hufanywa kwa mkono. Kilima cha Hermitage nacho, chenye sifa kuliko vyote, kina kiasi cha hekta 130 na ushei tu za mizabibu, na sehemu yake ya magharibi ni jiwe gumu la matale lililofunikwa na udongo haba. Kilima hicho kimeelekea kusini, kikapokea jua lote lipatikanalo. Hapo ndipo siri ilipo: jua la kutosha kuiivisha zabibu, lakini halitoshi kuiharakisha.

Kila mwenye mwembe nyumbani anajua kwamba embe lililoivia mtini polepole si sawa na lililovundikwa. Na zabibu ndivyo ilivyo. Nchi ya joto huijaza sukari upesi. Zinapokamuliwa, hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kileo, kwa hivyo mvinyo wake huwa mzito, mkali, wenye ladha ya matunda yaliyopikwa kama jemu. Kileo chake huweza kufika asilimia 14 hadi 15. Nchi ya baridi huichelewesha. Sukari haizidi, na uchachu, ule uhai wa ndimu ndani ya tunda, haupotei. Mvinyo wa Rhône ya kaskazini kwa desturi umekuwa na kileo cha asilimia 12 na nusu au 13, na wanaoupenda husema kwamba hauwalemei mdomoni. Husifu rangi yake iliyokoza kuelekea zambarau, na ukakasi wake, mfano wa ule wa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Husema pia kwamba una harufu ya maua, ya zeituni nyeusi na ya nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Lakini sifa inayotajwa kabla ya zote ni harufu ya pilipili manga. Wanywaji walikuwa wakiitaja miaka na miaka, na wengine wakidhani ni maneno tu ya kujipamba mezani. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia waliithibitisha. Walikuta ndani ya zabibu hiyo, kwenye ganda lake, kitu kinachoitwa rotundoni, na wakakuta kwamba kitu hicho hicho ndicho kinachoipa pilipili manga harufu yake. Hakuna aliyetia pilipili katika pipa. Zabibu na pilipili, mimea isiyojuana hata kwa ujirani, zimetengeneza harufu moja.

Na kiasi chake ni cha kustaajabisha. Gawa gramu moja sehemu bilioni moja, kisha chukua sehemu 16 tu uzitie katika lita moja ya mvinyo: pua ya mtu wa kawaida itatambua. Hata hivyo, katika majaribio hayo, kiasi cha mtu mmoja kati ya watano hakuinusa kabisa, hata ilipozidishwa mara nyingi. Kwa hivyo watu wawili huweza kukaa meza moja, mmoja akasema pilipili imejaa, mwenziwe akaapa hakuna, na wote wawili wakawa wakweli. Na uchunguzi umeonyesha kwamba mahali pa baridi na miaka ya baridi huizidisha harufu hiyo, na joto huipunguza. Kwa hivyo baridi ile ile inayomtesa mkulima ndiyo inayomletea sifa.

Hilo jina rotundoni nalo lina kisa chake. Limetokana na jina la kitaalamu la majani ambayo kitu hicho kiligunduliwa ndani ya vinundu vyake vya chini ya ardhi, kabla hakijatafutwa katika zabibu. Majani hayo ni ndago. Naam, ndago hii hii tunayoing'oa mashambani kwa jembe huku tukiilaani, ikachipua tena kesho yake. Harufu inayotafutwa kwa fedha nyingi na matajiri wa Ulaya imepewa jina la gugu.

Sasa tuje kwenye jina kubwa. Iweje zabibu ya vilima vya Ufaransa iitwe Shiraz? Shirazi, kama tujuavyo, ni mji wa Uajemi, mji walikozikwa washairi Saadi na Hafez. Mvinyo uliwahi kuwa na sifa huko. Wasafiri wa Kifaransa wa karne ya 17, Chardin na Tavernier, waliuandika katika habari zao. Hafez aliutaja mno katika mashairi yake, na mpaka leo wanazuoni wanabishana kama alikusudia maji ya zabibu au mapenzi ya Mola. Tangu mapinduzi ya mwaka 1979 kileo kimepigwa marufuku Iran kwa sheria, lakini jina la mji lilikuwa limekwisha kusafiri.

Wafaransa wa Hermitage wana kisa chao. Wasema kwamba katika karne ya 13 askari mmoja, Gaspard de Stérimberg, alirudi kutoka vitani amechoka na dunia, akajenga makao ya upweke juu ya kilima, na ndiyo maana kilima kikaitwa Hermitage, yaani makao ya mtawa. Ati katika mzigo wake alikuwa na kijiti cha mzabibu alichokitoa Shirazi. Kisa kitamu! Ila masimulizi mengine yasema kwamba vita alivyopigana vilikuwa vile vya huko huko kusini mwa Ufaransa, ambako mtu hapiti Uajemi wala kwenda wala kurudi.

Australia nako jina lilipata makao. Mwaka 1832 Mskoti mmoja, James Busby, alifikisha Sydney vijiti vya mizabibu alivyovikusanya Ufaransa na Uhispania. Zabibu yetu ikaandikwa mara Scyras, mara Hermitage, na mwisho jina likatua kwenye Shiraz. Tangu hapo wengi waliamini kwamba mfanano wa majina ni ushahidi wa nasaba.

Ushahidi wenyewe ulikuja mwaka 1998. Kikundi cha Profesa Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kikisaidiwa na hazina ya mizabibu ya Montpellier, kilizichunguza chembe za urithi za Syrah. Baba akaonekana kuwa Dureza, zabibu nyeusi ya Ardèche, magharibi ya mto Rhône. Mama akawa Mondeuse Blanche, zabibu nyeupe ya Savoie, upande wa mashariki. Wote wawili ni wenyeji wa jirani, wala hakuna aliyekuwa akiwaimba. Damu ya Shirazi haikupatikana hata tone.

Je, sifa ya mvinyo huo ilianguka siku ile? Haikuanguka. Kilima kilibaki pale pale, na baridi ilibaki, na ile pilipili manga haikuondoka kwenye ganda la zabibu. Jina lilikuwa kanzu tu.

Na hiyo pilipili manga yenyewe, tumwulize nani asili yake? Manga ni Uarabuni, lakini pilipili hiyo asili yake ni Malabar, pwani ya Bara Hindi. Wazee wetu waliipa jina la mabaharia waliowaletea. Ndivyo majina yalivyo: mara nyingi hutuambia nani alileta kitu, yakanyamaza juu ya nani alikipanda.

Hapa, msomaji mpenzi, ndipo maneno yanapotugusa wenyewe. Sisi tuna kisa chetu cha Kilwa, cha watu waliotoka Shirazi kwa merikebu saba, wakakinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka. Kisa hicho hakikubaki barazani. Kimetumika katika posa, mmoja akakubaliwa na mwingine akarudishwa. Mkoloni alipotugawa kwa sheria zake kuwa wenyeji na wasio wenyeji, nasaba ikawa na thamani ya kodi na ya cheo. Kisha wakaja wasomi walioona kwamba kisa chote ni uzushi wa watu walioionea haya ngozi yao.

Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi ulioongozwa, miongoni mwa wengine, na Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Walipimwa watu 80 waliozikwa zamani, wakiwamo wa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ikaonekana kwamba wazee hawakusema uwongo: Waajemi walifika, wakaoana na wenyeji tangu kiasi cha mwaka 1000, na sehemu kubwa ya damu ya Asia katika maiti hao ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kwa hivyo hatufanani na ile zabibu katika jambo hilo. Sisi baba alikuja kweli. Lakini kwa wengi wao zaidi ya nusu ya damu ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilipitia zaidi kwa akina mama. Wale mama hawamo katika kisa cha merikebu saba. Hawakusafiri, kwa hivyo hawakusimuliwa.

Nao ndio waliotupa lugha hii ninayoiandikia. Mtoto wa yule baharia alilazwa kwa Kiswahili, akaonywa kwa Kiswahili, na alipokua akatunga kwa Kiswahili. Kama Mondeuse Blanche wa Savoie, mama yetu alikuwa pale pale siku zote, na watoto wake wakawa wanatazama baharini.

Mpenda mvinyo mwenye akili siku hizi haulizi tena habari za Shirazi. Auliza kilima gani, mwaka gani, na mkulima alifanya nini juu ya ule mteremko. Kama mtu anaweza kukifanyia uadilifu huo kinywaji, sembuse sisi kumfanyia kijana aliyekuja kuposa? Tumwulize tabia yake na kazi ya mikono yake, tusimhesabie merikebu. Nafunga kwa beti moja:

Jina laja na jahazi, likashuka bandarini,
Mti wajua mizizi, na udongo ulo chini,
Asili si simulizi, ipambwayo barazani,
Msisahau mzazi, aliyebaki nyumbani.