Ulimi Umesoma, Je, Moyo Umefahamu?

 

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka tunawaona vijana wetu wakimaliza shule ya msingi na kuingia Kidato cha Kwanza. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania Bara mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari vitabu vya biolojia, jiografia na hesabu vinageuka kuwa vya Kiingereza. Aliyekuwa hodari ghafla anaonekana mzito. Ukimpa kitabu, anakisoma kwa sauti mpaka mwisho wa ukurasa. Ukimwuliza amesoma nini, ananyamaza. Wengi wetu humwita mvivu, na hapo tunamdhulumu. Hakuna aliyemfundisha kujisimamia anaposoma.

Wataalamu wa elimu, miongoni mwao Barry Zimmerman wa Marekani, wameeleza kwamba mwanafunzi anayejisimamia hupita hatua tatu: hujipanga kabla, hujichunga wakati wa kazi, na hujipima baada yake. Hatua hizi si ngeni kwetu. Anayehifadhi Qur'ani hupanga atahifadhi aya ngapi, husikiliza kosa lake, kisha hufanya muraja'a mbele ya mwenziwe. Na muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake, ni katika malezi ya dini yetu. Basi tuyafanye hayo hayo kwa kitabu cha Kiingereza. Tuchukue mfano wa somo la malaria.

1. Kabla ya kusoma. Tazama kichwa cha habari na picha. Jiulize: ninajua nini tayari kuhusu malaria? Utakumbuka mbu, homa na chandarua. Andika swali moja unalotaka kujibiwa, kwa mfano: mbu huzaliana wapi?

2. Wakati wa kusoma. Simama kila baada ya aya moja na ujiulize: nimefahamu? Kama hukufahamu, rudi nyuma. Ukikutana na neno "breed" usilolijua, usikimbilie kamusi. Tazama maneno ya jirani: habari ni ya mbu na maji yaliyotuama, basi huenda maana yake ni kuzaliana. Kisha hakikisha katika kamusi. Na ukiona "however", jua kwamba maneno yanayofuata yanapingana na yaliyotangulia.

3. Baada ya kusoma. Funga kitabu. Eleza ulichosoma kwa sentensi mbili au tatu. Je, swali lako limejibiwa? Wapi ulikwama, na nini kilikusaidia? Yaandike katika daftari, yakufae kesho.

Mambo haya hufundishwa, hayaji yenyewe. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la saba waliojua kutamka maneno lakini hawakufahamu walichosoma. Waliwafundisha mambo manne: kubashiri yanayokuja, kuuliza maswali, kufafanua palipo pagumu, na kufupisha. Mwalimu alianza kwa kuwaonyesha, kisha wanafunzi wakapokezana kuwa walimu wa wenzao. Ufahamu wao uliongezeka.

Kwa hiyo walimu wetu wasitosheke na kusema "someni". Mwalimu asome aya moja mbele ya darasa huku akitamka anayowaza: hapa sikuelewa, narudi nyuma. Kisha awaachie wanafunzi wajaribu wawili wawili, na mwisho kila mmoja peke yake.

Nanyi wazazi, msiseme "sisi hatujui Kiingereza". Mwambie mwanao baada ya Isha: nieleze kwa Kiswahili ulichosoma leo. Akiweza kukueleza ukaelewa, amefahamu. Akishindwa, usimkaripie, mwambie arudi kwenye ukurasa ule atafute alipokwama. Kazi hiyo haihitaji cheti, inahitaji sikio lako tu.

Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa ni kusoma. Tusikubali watoto wetu waishie kutamka tu.

Tunamwomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.