Mkono laini wa klachi: pima kabla ya kununua

Kila nikiwa Guangzhou, simu za jamaa kutoka Maskati na Bidiya ni zile zile: niletee mkono laini wa klachi ya banshi. Jina hilo asili yake Yamaha Banshee, ila wengi wetu huku Ghuba tunaziita hivyo pikipiki zote za magurudumu manne. Ukipanda vilima vya mchanga kutwa, vidole vya kushoto hufa ganzi, na klachi huwahi kuikata.

Muuzaji atakwambia "huu laini", basi. Mimi hutoa rula. Napima kutoka tundu la skrubu unapozungukia mkono hadi tundu la kichwa cha waya. Umbali huo ukipungua kutoka milimita 30 hadi 27, uzito wa kuvuta hupungua asilimia 10. Lakini waya nao huvutika pungufu kwa asilimia 10. Ukizidisha, klachi haiachii sawasawa: gia zinagoma, sahani zinaungua, na chombo kinasukuma mbele ingawa umeishika. Kwa kijana aliye kileleni mwa tuta, hilo ni baya kuliko ganzi.

Basi nitumieni kipimo cha mkono wa zamani, picha haitoshi. Na waya ulioingia mchanga ubadilisheni kwanza. Pengine mkono hauna kosa.