Njia ya Baiskeli Jijini Nairobi



Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi, iliyorithi kazi za Halmashauri ya Jiji mwaka 2013, iliazimia kuwatengea waendao kwa miguu na kwa baiskeli asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara. Watu wengi mno mjini humo huenda kazini kwa miguu, ilhali barabara zilichorwa kwa ajili ya wenye magari.

Mwaka 2020 kazi kadhaa za kaunti zilikabidhiwa kwa idara mpya iliyoongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Katika Barabara ya Kenyatta maegesho ya magari yalipunguzwa, njia za miguu zikapanuliwa, na baiskeli zikapata njia yake. Hesabu ni nyepesi: mahali pa kuegesha gari moja hutosha baiskeli kumi.

Tatizo ni pikipiki. Boda boda, jina lililoanzia kwa wabeba abiria wa baiskeli mpakani Busia, leo ndizo zinazoivamia njia ya baiskeli foleni inapozidi. Hapo mpanda baiskeli hurudi katikati ya matatu, na ndiko anakogongwa. Rangi iliyopakwa chini haimzuii mtu. Humzuia ukingo wa zege, au askari aliyesimama hapo.

Idara hiyo ilifikia kikomo mwaka 2022, barabara zikarudi kwa kaunti. Lakini askari wa usalama barabarani nchini Kenya wako chini ya serikali kuu, si chini ya kaunti.