Kutoka cheti hadi uzamili: njia ya kusomea afya ya jamii

Malori yanapopanga foleni Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, anayekagua vyoo, maji na vibanda vya mama lishe ni bwana afya au bibi afya. Zambia ilipopata mlipuko mkubwa wa kipindupindu kuanzia Oktoba 2023, uzito wa kazi hiyo ulionekana. Leo tunaeleza jinsi kijana wa Songwe anavyoweza kuisomea hadi juu.

Ngazi ya kwanza ni vyuo vya afya vinavyosimamiwa na NACTVET. Astashahada ni NTA ngazi ya 4 na ya 5, na stashahada ni ya 6.

Ngazi ya pili ni shahada ya kwanza, chini ya TCU. Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, kinafundisha afya ya mazingira. Mwenye stashahada anaweza kuomba bila kupita kidato cha sita, mradi GPA yake isipungue 3.0 na awe amefaulu angalau masomo manne kidato cha nne. Kozi nyingine zina vigezo vya ziada, hivyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka husika.

Ngazi ya tatu ni uzamili wa afya ya jamii, ambao nao upo MUHAS. Madaktari na wauguzi wenye shahada pia huusomea.

Marekani, baadhi ya vyuo vikuu huunganisha shahada ya kwanza na uzamili, mwanafunzi akamaliza zote kwa miaka mitano hivi. Kwetu kila ngazi ina maombi yake, kwa hiyo wa kuziunganisha ni wewe. Ukimaliza stashahada kwa GPA ya 2.8, umefaulu, lakini mlango wa moja kwa moja wa shahada umefungwa. Lenga juu tangu mwaka wa kwanza.

Je, uzamili unaongeza nini? Afisa afya hujifunza kukagua kisima kimoja na kujua kama maji yake ni salama. Uzamili humfundisha epidemiolojia na takwimu, aweze kujua kwa nini ugonjwa unarudi mtaa uleule, na visima vipi vya wilaya nzima vitengenezwe kwanza fedha zikiwa chache. Ukiwa kazini, andika maswali kama hayo kwenye daftari. Moja linaweza kuwa utafiti wako wa uzamili.