Lori la waya, maksai wanne na Hilux ya mzee

GARI langu la kwanza lilikuwa la waya. Nililitengeneza Lagangabilili mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati huo tukiwa bado Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kabla ya kuzaliwa Itilima na Simiyu mwaka 2012. Waya alitupa fundi baiskeli, magurudumu tulikata kwa wembe kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Injini ilikuwa mdomoni. Aliyeweza kubadilisha gia mlimani bila kukohoa ndiye aliyeheshimiwa.

Mimi nilitengeneza lori, maana magari tuliyoyajua yalikuwa malori ya pamba. Siku moja nilijaza bodi kwa pamba ya kwenye rundo la nyumbani, nikafunga kwa kamba kama robota, nikapeleka "kiwandani", yaani nyuma ya choo. Mama aliponikuta hakunichapa. Alipakua shehena yote, akachambua takataka moja moja, akairudisha kwenye gunia.

"Hii ikiwa fifi, utailipa wewe?" akaniuliza.

Wakulima wa pamba wananielewa. Hiyo ilikuwa semina yangu ya kwanza ya masoko, na nyingi nilizohudhuria baadaye kule Sokoine, Morogoro, zilikuwa ndefu zaidi lakini hazikunikaa kichwani namna hiyo.

Waliokosa waya walifinyanga ng'ombe. Udongo mweusi wa mbuga unashika vizuri, na tulitoa maksai wenye nundu na pembe, tukawafunga nira ya kijiti na kuwalimisha uwanja mzima. Tulikuwa hata na mnada wetu. Bei ya lori zuri la waya, nakumbuka, ilikuwa maksai wanne wa udongo.

Ndani ya nyumba mashine ilikuwa moja tu, redio ya National. Betri zake zilitoka dukani kwa mpango maalumu. Mzee alifungua redio kwa taarifa ya habari ya Radio Tanzania, habari zikiisha akazima, muziki tukausikie kwa jirani. Betri zikichoka zilianikwa juani kwenye bati, zikageuzwa kama michembe, zikarudi kazini siku mbili tatu. Mzee alijua kila jozi ya betri imedumu majuma mangapi, na aliandika katika daftari lile lile alimoandika kilo za pamba na siku za palizi.

Nasimulia haya kwa sababu mtu huyo huyo, aliyepima betri kwa dakika, aliponunua gari hakupima kitu.

Ilikuwa mwaka 2011. Wasomaji mtakumbuka kwamba Machi mwaka ule bei ya pamba katika soko la dunia ilipanda hadi kuvuka dola 2 kwa ratili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Msimu wetu ulipofunguliwa bei ya dunia ilikuwa imeanza kuteremka, lakini mkulima wa Bariadi bado alipata hela ambayo hakuizoea. Mimi nilikuwa chuoni. Nilipigiwa simu kwamba mzee amenunua Hilux, mkono wa pili, rangi nyeupe, na kwamba fedha ya pamba haikutosha, kwa hiyo ameongezea kwa kuuza maksai wanne mnadani. Nilifurahi sana. Nilijiona nikishuka likizo kwenye basi na kupokewa na gari la nyumbani.

Tulikuwa na jozi tatu za maksai, ikabaki moja. Jozi iliyofundishwa vizuri hulima nusu ekari hadi ekari moja kwa siku, ikianza alfajiri na kufunguliwa kabla jua halijawaka. Pamba yetu hutakiwa kupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na mvua haimsubiri mtu. Mwaka ule, kati ya ekari tisa zetu, nne tu zilipandwa kwa wakati. Nyingine zilipandwa Januari, baada ya majirani kumaliza kwao na kutukodisha ng'ombe wao waliokwisha choka. Pamba ya Januari ilitoa vitumba vichache. Halafu, kana kwamba haitoshi, kufikia katikati ya 2012 bei ya dunia ilikuwa imeshuka chini ya dola moja, na huku kwetu mzani ukasoma hivyo hivyo.

Na Hilux? Mzee alitegemea kubeba pamba za watu. Hesabu hiyo ina shimo ambalo wengi hatulioni: pamba huuzwa kwa miezi michache tu, na katika miezi hiyo kila mwenye gari anatafuta mzigo ule ule, kwa hiyo nauli inashuka. Miezi iliyobaki magari yote yamesimama pamoja, lakini bima na tairi zinazokauka hazijui kama ni masika au kiangazi. Nilipokuja likizo nilikuta daftari limejaa spea: springi, klachi, rejeta, springi tena.

Kuna tofauti nyingine ambayo muuza gari hatakuambia. Maksai akizeeka humnenepesha, ukampeleka mnadani, na mara nyingi anauzwa kwa bei iliyo juu ya ile uliyomnunulia akiwa ndama. Gari kila mwaka linapungua bei hata likiwa limeegeshwa. Lakini tuseme haki: gari haliugui ndigana, na ukame haulifanyi lilale chini lisiinuke. Nimeona zizi likiisha kwa msimu mmoja.

Kila bei ya pamba inapokuwa nzuri, vijana wengi wanauza maksai na kununua pikipiki. Siwapingi. Bodaboda ina abiria kila siku, si msimu wa pamba pekee, na kwa hilo inaishinda Hilux ya mzee. Swali langu kwao ni moja: Novemba utalima na nini? Kama jibu ni trekta la kukodi, liwe limeshazungumzwa na mwenye trekta, maana siku mvua inaponyesha Lagangabilili wote wanampigia simu mtu mmoja. Pawatila zilizokuja kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza ya 2009 zilifaa zaidi kwenye majaruba ya mpunga. Kwenye ardhi yetu ngumu nyingi zilihema. Anayebaki na jozi mbili na plau anaweza hata kukodisha kwa hao waliouza.

Hilux ipo mpaka leo nyuma ya nyumba, haina injini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwaka jana nilimwonyesha mzee hesabu niliyoifanya kutoka kwenye daftari lake, tangu siku ya kununua hadi siku ilipokufa kabisa. Hasara ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Aliisoma polepole, miwani puani, akanirudishia karatasi.

"Mwanangu, umesahau usiku wa dada yako."

Ilikuwa 2013, usiku wa mvua, uchungu ulimshika dada na mtoto akakataa kutoka. Mzee aliendesha mwenyewe hadi hospitali Bariadi, mama akiwa nyuma amemshikilia. Walifika. Mtoto yule yuko shuleni sasa, na juzi nilimkuta uwanjani na wenzake akikunja waya.

Katika daftari la mzee tarehe ile ina mstari mmoja: dizeli, lita 10.