Kupunguza Uzito wa Baiskeli za Parokia kwa Gharama Ndogo



Kamati za parokia zinapoandika maombi kwa wafadhili, baiskeli haikosekani kwenye orodha. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba zile za mwanzo "ni nzito mno", hasa kwa makatekista na kwa akina mama wanaojitolea kuwahudumia wagonjwa majumbani katika parokia za milimani. Ukienda kuitazama baiskeli yenyewe, unakuta fremu ni nzima na magurudumu ni mazima, ila imeegeshwa ukutani na kuanikiwa nguo. Mhudumu anakwenda kwa miguu. Siku ambayo angewafikia wagonjwa wanne anawafikia wawili, na yule wa mwisho wa kijiji anasubiri hadi wiki ijayo.

Makala hii inaeleza namna ya kuirudisha baiskeli hiyo barabarani kabla ya kuomba nyingine.

Uzito uko wapi?

Baiskeli za chuma tulizozizoea, kama Phoenix ya China au Hero na Avon za India, huwa na uzito wa takriban kilo 20, na zikifungwa keria kubwa ya mizigo huzidi hapo. Baiskeli za mashindano ni jambo jingine. Tangu mwaka 2000 sheria za kimataifa za mchezo huo zinataka baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8. Kuufikia wepesi huo ni gharama kubwa, na wala si lengo letu. Tunachohitaji ni baiskeli inayopanda mlima ikiwa na mtu na mzigo wake, kisha ikamrudisha nyumbani salama.

Tufanye hesabu rahisi. Mhudumu ana kilo 60, baiskeli kilo 20, mzigo kilo 10. Jumla ni kilo 90, na mlimani miguu hupandisha zote 90. Ukifanikiwa kupunguza kilo 3 kwenye baiskeli, umepunguza sehemu moja tu kati ya 30. Si haba, lakini inaonyesha kwamba si busara kutumia fedha nyingi kutafuta vipuri vyepesi wakati yako mambo yasiyogharimu kitu ambayo hayajafanywa. Kwa hiyo tunashauri kamati zifuate hatua zifuatazo kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: Punguzeni mzigo

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mhudumu anayebeba dumu la lita 5 kwa safari nzima, wakati kuna kisima karibu na nyumba ya mgonjwa, anajiongezea kilo 5 bure. Sabuni, glovu na unga wa uji vinaweza kutunzwa kwenye kigango, na mhudumu achukue vya siku hiyo tu. Spana kubwa na nyundo zikae kwa fundi. Njiani panatosha pampu, viraka, gundi na spana ndogo. Hatua hii haina gharama yoyote.

Hatua ya pili: Ondoeni visivyotumika

Itundikeni baiskeli kwenye mizani ya mahindi na kuandika uzito wake. Kisha angalieni kila kilichofungwa juu yake: dinamo isiyowaka, taa iliyovunjika, keria ya mbele isiyobeba kitu, stendi kubwa ya miguu miwili ambayo stendi ndogo ya pembeni ingetosha, vyuma vya urembo. Fungueni, kisha mpime tena. Baiskeli nyingi hupungua kilo moja au mbili kwa njia hii. Vifaa vilivyofunguliwa visitupwe, viandikwe na kuwekwa stoo ya parokia.

Hatua ya tatu: Ondoeni uzito usioonekana kwenye mizani

Baiskeli nyingi zinazoitwa nzito hazina tatizo la kilo. Zinakwama. Inueni gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Likisimama upesi, tafuteni sababu. Huenda breki inagusa ringi, au gololi zimekauka, au ekseli imekazwa kupita kiasi. Mnyororo wenye kutu na vumbi nao hula nguvu za mwendeshaji. Usafisheni kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, uacheni ukauke, kisha mtie oili na kufuta inayobaki juu ili isikusanye mchanga.

Tairi laini ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubonyea na kurudi kila linapozunguka, na kila kubonyea kunalipiwa na miguu. Kiasi cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Pampu moja nzuri kwa kila kigango, na desturi ya kujaza upepo kila wiki, vitasaidia kuliko kipuri chochote cha bei kubwa.

Hatua ya nne: Badilisheni meno ya nyuma

Hapa ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa. Hesabuni meno ya gurudumu la meno la mbele, lenye pedali, na la nyuma, ambalo mafundi huliita friwili. Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 18. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Hiyo hufaa tambarare, lakini mlimani inaumiza magoti. Mkiweka friwili ya meno 22, gurudumu litazunguka mara mbili kamili, na nguvu inayohitajika kwenye pedali itapungua kwa karibu moja ya tano. Mguu utaona kana kwamba zile kilo 90 zimepungua kwa kilo 16, jambo ambalo hakuna kipuri chepesi kitakalolifanya.

Friwili ni kipuri kimoja kidogo. Huenda fundi akalazimika kuongeza pingili za mnyororo. Hasara yake ni kwamba kwenye tambarare mwendeshaji atazungusha pedali mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Kwa hiyo parokia za nchi tambarare hazina haja ya badiliko hili.

Hatua ya tano: Ringi za alumini, kama fedha ipo

Ringi ya alumini inaweza kupunguza karibu nusu kilo kwa kila gurudumu, na hushika breki vizuri zaidi wakati wa mvua. Lakini breki za vyuma za baiskeli zetu hukamata upande wa ndani wa ringi, na ringi nyingi za alumini zinahitaji breki za waya zinazobana pembeni. Mtalipia ringi, breki na ufundi. Ndiyo maana tumeiweka mwisho.

Visivyoguswa

Wako mafundi wanaopunguza uzito kwa kutoa breki ya mbele, kupunguza spoku au kutoboa fremu. Kamati isikubali. Aliyepanda mlima lazima ateremke. Kinga ya mnyororo pia ibaki, kwa sababu khanga au kanzu ikinaswa kwenye mnyororo humwangusha mtu. Kiakisi mwanga cha nyuma kibaki vilevile.

Kwa kamati na wafadhili

Tunashauri kila baiskeli iwe na daftari lake: uzito wa mwanzo na wa sasa, kilichobadilishwa, gharama, na jina la anayeitumia. Kamati itakayoambatisha daftari hilo kwenye maombi yake itaonyesha kwamba imetunza kwanza kile ilichopewa.

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba msipime zawadi ya baiskeli kwa wepesi wake peke yake. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lilitengeneza baiskeli yake iitwayo Buffalo kwa chuma, iweze kubeba mzigo wa kilo 100. Baiskeli nyepesi ya tairi nyembamba ambayo vipuri vyake havipatikani mjini kwetu itaishia ukutani kama ile ya kuanikia nguo. Mchango wa friwili, pampu, tairi na siku moja ya fundi katika kila parokia unaweza kurudisha barabarani baiskeli kadhaa kwa fedha ya kununulia moja mpya.

Haba na haba hujaza kibaba. Mgonjwa wa mwisho wa kijiji hajui uzito wa baiskeli ya mhudumu wake. Anajua tu kama amefika au hakufika. Tuanze na baiskeli iliyoko ukutani.